Makadhi wa Kimazrui, Mawakili wa Bombay na Wakfu wa Makambako

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Katika darsa moja baada ya Sala ya Alasiri mjini Makambako, tuliulizwa suala ambalo tulidhani tungelijibu kwa dakika tano, nalo likatuchukua mpaka adhana ya Magharibi. Mzee mmoja mfanyabiashara, mwenye nyumba ya maduka karibu na njia panda ya kwendea Njombe na Songea, alitaka kuiweka wakfu: kodi yake wapate watoto wake na wajukuu zake, na kizazi chake kikikatika, iwe ya msikiti na mafukara. Alitaka tumwandikie. Kabla hatujajibu, kijana mmoja anayesomea sheria, aliyekuja likizo, akasema kwa adabu: "Samahani Sheikh, wakfu wa namna hiyo ni batili. Tumesoma chuoni kwamba mahakama ya rufaa ya London ilishaamua." Mzee mwingine akaguna, akasema: "Hayo ndiyo matokeo ya kukosa ukoo wa ilimu. Lau huku Njombe tungekuwa na watu kama Mazrui wa Mombasa, nani angethubutu kutubatilishia wakfu?"

Ndugu msomaji, kauli hizi mbili tunazisikia mara kwa mara, na kila moja ina ukweli nusu. Kijana amechukua hukumu ya mahakama akaifanya hukumu ya sharia. Mzee naye amechukua jina la ukoo akalifanya ngome. Tumeona ni wajibu kuzipima zote mbili kwa historia na kwa fiqhi, kwani sisi Waislamu wa nyanda za juu kusini ni wachache, mahakama za kadhi zenye nguvu ya dola hatuna, na mali zetu zinagawanywa kila mwaka kwa kauli kama hizi.

Tuanze na ukoo. Mazrui ni Waarabu wenye asili ya Oman waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipouondoa utawala wao. Wengi katika ukoo unaonyang'anywa ufalme hubaki na masimulizi ya utukufu uliopita. Hawa waliingia katika ilimu. Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, aliyefariki mwaka 1894, alisoma Makka na akawa mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, hali ya kuwa wazee wa ukoo wake walikuwa Maibadhi. Msimamo wake huo ulimtia katika mgogoro na Sayyid Barghash, akafungwa. Basi ilimu ya nyumba hii ilianza kwa gharama. Haikuja kama shamba la minazi linalorithiwa kwa hati.

Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali, alizaliwa mwaka 1891. Hebu tuhesabu: baba alipofariki, mtoto huyu alikuwa na miaka mitatu tu au karibu na minne. Hakupata kusoma kwa baba yake hata kitabu kimoja. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye mwenyewe alikuwa Kadhi Mkuu. Kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, na hao wawili si Mazrui. Mwaka 1930 akaanzisha karatasi yake ya Al-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwaandikia watu kwa Kiswahili na Kiarabu kuhusu dini yao, elimu ya watoto wao na uzembe wao. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akabaki katika kiti hicho mpaka alipofariki mwaka 1947.

Baada yake, mwanafunzi wake na jamaa yake Sheikh Muhammad Kassim Mazrui alishika ukadhi mkuu kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968. Naye aliandika kwa Kiswahili, na vitabu vyake vya maisha ya Makhalifa waongofu vimesomwa mpaka huku kwetu. Lakini alipotoka yeye, kiti kilikwenda kwa nani? Kilikwenda kwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari, mfasiri mashuhuri wa Qur'ani, asiyekuwa wa ukoo huo. Na mtoto wa Sheikh Al-Amin aliyejulikana zaidi duniani, Profesa Ali Mazrui (1933 - 2014), hakuwa kadhi wala faqihi. Alikuwa bingwa wa elimu ya siasa.

Hapa pana jibu la kwanza kwa mzee wetu. Nyumba ya Mazrui haikusimama kwa damu. Ilisimama kwa sababu yatima wa miaka mitatu alipata mwalimu, kisha akapata walimu wengine nje ya ukoo, kisha naye akasomesha. Tunalisema hili kwa sababu huku kwetu umeingia mtindo wa msikiti kuhesabiwa kuwa wa fulani, na imamu akifa kutafutwa mwanawe hata kama hajui sharti za udhu. Wanaofanya hivyo huwatolea mfano masheikh wa pwani. Mfano wenyewe unawakanusha.

Sasa twende kwa kijana na hukumu yake ya London. Ili tuifahamu, inatulazimu tuvuke bahari mpaka India, kwani hukumu iliyotumika pwani yetu ilizaliwa huko.

Waingereza walipotawala India walisema kwamba Waislamu watahukumiwa kwa sharia yao katika ndoa, mirathi na mfano wa hayo. Lakini majaji wao hawakujua Kiarabu. Walitegemea tafsiri, na mojawapo ya tafsiri kubwa ilikuwa ya kitabu cha Kihanafi, Al-Hidaya, iliyotolewa na Charles Hamilton mwaka 1791 kutoka katika Kiajemi. Yaani maneno yalitoka Kiarabu yakaingia Kiajemi, kisha Kiingereza, kisha yakafika kwa jaji. Juu ya hayo, kila hukumu ya jaji ikawa hoja kwa jaji anayefuata. Baada ya miaka mia, kilichoitwa sharia ya Kiislamu mahakamani kilikuwa fiqhi kidogo na mazoea mengi ya mahakama za Kiingereza.

Katika hali hiyo ndipo zilipotokea India nyumba za Waislamu waliosomea sheria za mtawala. Mashuhuri mojawapo ni nyumba ya Tyabji ya Bombay. Mzee wao, Tyab Ali, hakuwa mwanasheria. Alikuwa mfanyabiashara, kama mzee wetu wa Makambako. Aliwapeleka wanawe Uingereza kusoma. Camruddin akawa wakili wa kwanza wa Kihindi wa daraja yake huko Uingereza. Mdogo wake Badruddin (1844 - 1906) alirudi mwaka 1867 akawa Mhindi wa kwanza kutetea katika Mahakama Kuu ya Bombay kwa cheo cha barista. Mwaka 1887 aliongoza mkutano wa tatu wa chama cha Congress, na mwaka 1895 akawa jaji. Mwaka 1897, Mhindu mpinzani wa serikali, Tilak, alipokamatwa, ni jaji huyu Mwislamu aliyempa dhamana. Mpwa katika ukoo huo, Abbas Tyabji, alikuwa jaji mkuu katika dola ya Baroda, kisha uzeeni akaingia katika harakati za kupinga ukoloni na akafungwa mwaka 1930. Faiz, mwana wa Badruddin, aliandika kitabu kikubwa cha sheria ya Kiislamu kwa Kiingereza. Na jamaa wa ukoo huu, Asaf Fyzee (1899 - 1981), naye aliandika kitabu kinachosomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria, vikiwemo vya Afrika Mashariki.

Tutanabahishe kwamba watu hawa walikuwa Mabohora wa tawi la Sulaimani, si watu wa madhehebu yetu. Hatuwachukui kuwa hoja katika fiqhi. Tunawachukua kuwa ibra, na insafu ni katika dini.

Mwaka 1894 lilifika London shauri la wakfu kutoka Bengal, linalojulikana kwa jina la Abul Fata. Ndugu wawili Waislamu waliweka mali yao wakfu kwa kizazi chao, na mwisho kwa mafukara. Baraza la rufaa la ufalme wa Uingereza, liitwalo Privy Council, likasema kwamba fungu la mafukara liko mbali mno kiasi cha kuwa jina tu, kwa hiyo huo si wakfu bali ni njia ya kukuza ukoo, likaubatilisha. Jaji Mwislamu wa Calcutta, Sayyid Ameer Ali, alikuwa ameshaandika katika shauri jingine rai ndefu kueleza kwamba katika Uislamu kumpa jamaa ni sadaka. Baraza halikukubaliana naye.

Je, nani alikuwa na haki? Tutazame asili. Sayyidna Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa ushauri wa Mtume (S.A.W.), aliwataja jamaa pamoja na mafukara, wageni na wasafiri. Abu Talha (R.A.) alipotaka kuitoa bustani yake ya Bayruhaa, Mtume (S.A.W.) alimshauri aigawe kwa jamaa zake. Zubayr (R.A.) aliweka nyumba zake, akamwekea haki ya kukaa binti yake aliyeachwa na mumewe. Wanavyuoni wa madhehebu zote nne wakajenga juu ya hayo kwamba wakfu kwa watoto ni sahihi. Jaji wa London aliuona upendo kwa mtoto kuwa kinyume cha sadaka kwa sababu katika sheria yake vitu hivyo viwili vinakaa katika milango tofauti. Kosa lake halikuwa la nia mbaya. Alikisoma kitabu chetu kwa miwani yake.

India haikunyamaza. Mwanachuoni Shibli Numani alikusanya fatwa za maulamaa kuhusu jambo hili, na wakili Muhammad Ali Jinnah akalipeleka katika baraza la kutunga sheria. Mwaka 1913 ikapitishwa sheria ya kuuhalalisha wakfu wa kizazi, na mwaka 1930 ikatanuliwa iguse na wakfu uliowekwa kabla ya 1913. Angalia, ndugu msomaji: mwenye kitabu cha Kiarabu na mwenye joho la wakili walibeba mzigo mmoja. Peke yake, Shibli asingesikilizwa barazani. Na Jinnah peke yake asingekuwa na la kusema.

Pwani yetu je? Waingereza walipoishika pwani ya Kenya mwaka 1895, waliwaacha makadhi katika viti vyao. Lakini rufaa ya hukumu ya kadhi ilikwenda kwa jaji wa Kiingereza, na huyo mezani kwake alikuwa na hukumu za India na vitabu vya India. Sheria ya 1913 ilikuwa ya India, haikuvuka bahari. Hukumu ya 1894 ilivuka. Ikawa maradhi yamefika na dawa imebaki bandarini Bombay. Mwaka 1951 Privy Council iliamua shauri la wakfu kutoka Kenya, la Fatuma binti Mohamed bin Salim, na ikaufuata mkondo wa Abul Fata. Haya yametokea katika nchi ambayo kiti cha ukadhi mkuu kilikuwa kimekaliwa na Sheikh Sulaiman na Sheikh Al-Amin, watu waliokuwa wakiijua milango ya wakfu katika Minhaj na sherehe zake kama wanavyojua njia ya kwendea msikitini. Ilimu yao ilifika mwisho pale rufaa ilipoanza. Katika mwaka huohuo wa 1951, Kenya ilipata sheria ya makamishna wa wakfu iliyohalalisha wakfu wa kizazi, mradi mwisho wake uwe ni kheri ya kudumu. Kwa hiyo hata hukumu aliyoitaja kijana wetu imeshawekewa dawa katika nchi ilikotoka.

Hili ndilo jibu la pili kwa mzee wetu: Mazrui walikuwepo, na wakfu ulibatilishwa. Jina la ukoo halikuuzuia.

Lakini tusije tukatoka hapa tukidhani kwamba tunawasifu mawakili wa Bombay na kuwalaumu makadhi wa Mombasa. Kila nyumba ina upungufu wake, na ukosoaji wa haki hauchagui.

Upungufu wa vitabu vya India ni kwamba vinaeleza kilichoamuliwa na mahakama, na tena kwa sehemu kubwa juu ya msingi wa Kihanafi. Kitabu kinachotajwa sana katika mahakama za Tanzania ni cha Mulla, na wengi wetu hudhani ni mulla wa msikitini. Dinshah Mulla alikuwa Mparsi, si Mwislamu. Alikuwa mwanasheria hodari aliyepanga hukumu za mahakama kwa utaratibu mzuri. Sasa chukua mfano mmoja. Baba wa Njombe amempa mwanawe kiwanja na kumkabidhi, kisha akataka kukirudisha. Kwa Hanafi, hiba aliyopewa jamaa wa karibu asiyeoleka hairejeshwi. Baba hana njia. Kwa Shafi, katazo la kurejea katika hiba ni kwa watu wote isipokuwa mzazi kwa mwanawe, kwa hadithi ya Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.), baba anaweza kurejea maadamu kiwanja kingali katika milki ya mtoto. Hukumu zimegeuka kichwa chini. Wakili akifungua kitabu cha Mulla kwa familia ya Kishafi bila ya kuuliza madhehebu, amewahukumu kwa kitabu cha jirani.

Upungufu mwingine ni mzito zaidi. Fyzee mwishoni alitoa rai kwamba sheria na dini vitenganishwe katika ufahamu wa Uislamu wa leo. Hatukubaliani naye, lakini tunaona njia iliyomfikisha huko. Sharia ikisomwa kwa ajili ya mahakama peke yake, ikakatwa na Sala, na twahara, na hofu ya Akhera, mwisho huonekana kuwa ni kanuni tu kama kanuni nyingine.

Na upungufu wa upande wa Mombasa? Sheikh Al-Amin aliwataka Waislamu wasome elimu za zama zao. Jambo hilo aliliandika tena na tena. Wengi wetu tulichukua kwake masomo ya udhu na sala ya watoto, na makemeo yake juu ya bidaa, tukaiacha nusu hii. Huku bara tumekuwa na madrasa kwa miaka mingi, na wanaotoka humo hawawezi kusoma hati ya kiwanja. Na watoto wetu waliosoma sheria hawawezi kufungua Minhaj. Kosa hilo ni letu sisi wanafunzi wa wanafunzi wake, na mwandishi wa makala haya hajitoi humo.

Sisi wa Tanzania bara tuna haja zaidi kuliko ndugu zetu wa Kenya. Wao mahakama za kadhi zimo katika katiba, tangu uhuru mpaka katiba ya 2010. Huku kwetu sheria ya mahakimu ya 1963 ilipanga upya mahakama, na tangu hapo mambo yetu ya mirathi yamekuwa yakisikilizwa na mahakama ya mwanzo, ambayo imepewa uwezo wa kutumia sharia ya Kiislamu. Sheria za India nazo ziliingizwa Tanganyika tangu 1920. Ile ya ushahidi, ya mwaka 1872, ilitumika mpaka ikafuatiwa na sheria yetu ya 1967. Kwa hiyo hakimu anayesikiliza mirathi ya marehemu wa Makambako, mara nyingi si Mwislamu na hana kosa kwa hilo, hukumu yake inategemea kile atakachoelezwa. Tukimweleza kwa kelele, ataandika kelele.

Basi mzee wa Makambako tulimjibu hivi. Wakfu wako kwa watoto ni sahihi katika madhehebu ya Shafi kwa sharti zake. Uuweke sasa, ungali hai na mwenye afya. Usiseme "nikifa", kwani ukiutundika kwenye mauti unakuwa na hukumu ya wasia, na wasia kwa mrithi hausimami bila ya ridhaa ya warithi wengine. Usijiwekee fungu lako mwenyewe, kwani kwa kauli iliyo sahihi kwa Mashafi mtu hajiwekei wakfu nafsi yake. Wataje wote, wa kiume na wa kike, na uogope dhulma katika kuwapa watoto, ukikumbuka kisa cha Nu'man bin Bashir (R.A.). Utaje mwisho wake: msikiti na mafukara. Uweke msimamizi. Kisha usiiache karatasi hiyo ndani ya msahafu. Ipeleke kwa wakili aiandike kwa namna itakayokubaliwa na sheria ya nchi, na hati ya nyumba ifuate.

Kijana tulimwambia: "Mwanangu, hukusema uongo. Umesema kilichoamuliwa, na hukuambiwa kilichotangulia wala kilichofuata." Tukampa mlango wa wakfu katika Minhaj, asome nasi baada ya Alfajiri mpaka likizo iishe. Siku ya kwanza alikwama katika mstari wa pili, na baridi ya Makambako asubuhi haina huruma. Siku ya pili alikuja na daftari. Ndiye aliyemwandikia mzee rasimu ya hati yake, nasi tukaisahihisha upande wa fiqhi, naye akatusahihisha upande wa sheria katika sehemu mbili ambazo hatukuwa tukizijua.

Maimamu wenzetu wa Njombe, Wanging'ombe, Ludewa na Makete, tusingojee ukoo ushuke kutoka pwani. Sheikh Al-Amin alikuwa yatima aliyepata mwalimu, na Tyab Ali alikuwa mfanyabiashara aliyewapeleka wanawe shule. Yatima tunao, wafanyabiashara tunao. Kila msikiti umtafute kijana mmoja anayesoma sheria au ualimu, umsomeshe bila ya malipo mlango wa mirathi, wa hiba na wa wakfu, kwa kitabu, si kwa kusikia.

Tulichopatia ni tawfiki ya Allah, na tulichokosea ni kutokana na nafsi zetu. Wallahu a'lam.